Mikopo imebadilishwa, logi inasema "app_saccos": nani kagusa?

Kisa hiki ni cha SACCOS moja ya Tanzania, jina naliacha, ina matawi machache na mfumo wa mikopo uliojengwa na kampuni ndogo ya hapahapa nchini, PHP mbele na databesi ya PostgreSQL nyuma. Mwisho wa mwezi mhasibu anafunga hesabu, anaona faini za kuchelewesha marejesho zimeshuka kuliko kawaida, anachimba, anakuta mikopo arobaini na kitu faini yake imekuwa sifuri, hakuna malipo yaliyoingia na barua ya msamaha anayoijua yeye inagusa wachache tu kati ya hao. Sasa kwenye SACCOS ukisema faini zimefutika bila karatasi umetamka neno zito, kamati ya usimamizi ikaitana siku hiyohiyo na swali likawa moja tu, nani kafuta?

Mfumo ulitakiwa kuwa na jibu. Wakati wanaununua waliambiwa kila badiliko linarekodiwa, na kusema ukweli halikuwa neno la biashara tu, kulikuwa na triga kwenye majedwali yote ya muhimu, yaani ile funksheni inayoamshwa na databesi yenyewe kila mstari unapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa, haijalishi badiliko limepitia kwenye skrini ya mfumo, kwenye skripti au kwa mtu aliyeingia moja kwa moja kwa mkono. Triga ilikuwa inaandika jina la jedwali, data ya zamani, data mpya, muda, na nani. Kazi nzuri kabisa. Shida ilikuwa kwenye hiyo "nani", maana aliyeiandika alitumia `current_user`, na `current_user` kwa PostgreSQL ni akaunti ya databesi iliyofungua koneksheni, sio mama wa dirishani aliyelogin na paswedi yake asubuhi. Mfumo mzima, matawi yote, karani, afisa mikopo, meneja, wote wanapita kwenye akaunti moja inaitwa `app_saccos`. Kwahiyo ukifungua kumbukumbu unakuta maelfu kwa maelfu ya mistari, na kwenye kolamu ya nani jina ni lilelile kuanzia juu mpaka chini. Databesi haikudanganya, imeandika kile inachokijua.

Hii hali iko kwenye mifumo mingi sana, mingi kuliko watu wanavyodhani, kwasababu triga ya mfano unayoikuta kwenye mafunzo mengi inatumia `current_user` na kwenye kompyuta ya mtu anayejifunza inaonekana inafanya kazi safi, anaona jina lake pale, anaridhika, anaibeba kama ilivyo mpaka kazini.

Basi kamati haina jina, ikabaki na muda. Na hapa ndo pakataka kuharibika kabisa. Kolamu ya muda ilikuwa aina ya `timestamp` ya kawaida, isiyobeba saa za eneo, na seva iko kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, kwahiyo kila kitu kwenye kumbukumbu kiko nyuma kwa saa tatu ukilinganisha na saa ya ukutani. Wafanyakazi walishazoea, mtu akisoma pale anajumlisha tatu kichwani. Zile faini zilisomeka 16:52, jumlisha tatu unapata 19:52, yaani saa mbili kasoro usiku, ofisi imefungwa, walinzi tu. Na anayejulikana kubaki na laptop mpaka usiku ni afisa mikopo mmoja. Unaona inavyokwenda. Hakuna aliyemtuhumu wazi ila funguo za kabati akanyang'anywa, na mjini habari haikai.

Mi niliitwa hapo, kusoma kumbukumbu na kusema zinasema nini. Kabla ya kuangalia jambo lingine lolote nilipanga mistari kwa namba yake ya `id` badala ya kupanga kwa muda, kwasababu `id` inatolewa kwa mfuatano wakati mstari unaingia na haina habari na saa za mtu. Nikapata hivi, nimepunguza kolamu:

```
  id   | jedwali | nani       | wakati
 88411 | malipo  | app_saccos | 13:50:41.118203
 88412 | malipo  | app_saccos | 13:51:07.220418
 88413 | mikopo  | app_saccos | 16:52:30.904117
 88414 | mikopo  | app_saccos | 16:52:30.904117
   ... (yote mikopo, muda uleule)
 88459 | mikopo  | app_saccos | 16:52:30.904117
 88460 | malipo  | app_saccos | 13:53:02.617750
```

Angalia vizuri hapo. Muda unatembea 13:50, 13:51, halafu unaruka mpaka 16:52, halafu unarudi 13:53 kana kwamba hakuna kilichotokea. Saa haiwezi kurudi nyuma, na mfuatano wa `id` unasema hayo yote yalifuatana ndani ya dakika chache. Maana yake ile 16:52 na ile 13:52 ni dakika ileile, ila imeandikwa na koneksheni mbili zenye saa za eneo tofauti. Ukiweka `now()` kwenye kolamu isiyobeba eneo, PostgreSQL inageuza muda kwa kufuata mpangilio wa `TimeZone` wa koneksheni iliyopo, kisha inatupa taarifa ya eneo, hairudi tena. Mfumo wa PHP ulikuwa haujaweka chochote kwahiyo unarithi UTC ya seva. Huyu mwingine koneksheni yake ilikuwa saa ya Dar es Salaam. Kwahiyo ile 16:52 haihitaji kujumlishwa kitu, ni saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni, mchana kweupe, ofisi iko wazi na watu wamo. Ile saa mbili kasoro usiku haijawahi kuwepo.

Jambo la pili liko kwenye zile tarakimu za mwisho, .904117, kwenye mistari yote arobaini na saba. Kwa PostgreSQL `now()` sio saa ya sasa hivi, ni saa ambayo muamala wa databesi (kundi la amri zinazohifadhiwa au kurudishwa nyuma kwa pamoja) ulianza, na inabaki hiyohiyo mpaka muamala uishe. Mistari arobaini na saba yenye sekunde moja ingekuwa ajabu, yenye mikrosekunde moja ni muamala mmoja. Skrini ya mikopo kwenye ule mfumo inahifadhi mkopo mmoja kwa kubonyeza mara moja, hakuna mahali mtu anachagua mikopo mingi akafuta faini zake kwa pamoja, nilipita menyu zote na meneja amekaa pembeni. Kwahiyo hakuna karani wala afisa mikopo aliyefanya hivi kupitia mfumo, hata angetaka.

Sasa nani anaingia databesi nje ya mfumo, kwa akaunti ya `app_saccos`, kwa koneksheni inayojiweka saa ya Dar es Salaam yenyewe? Programu zinazotumia JDBC, yaani za Java, zina tabia hiyo, draiva ya PostgreSQL inatuma saa za eneo za kompyuta ya mtumiaji pale koneksheni inapofunguka. DBeaver ni mojawapo. psql na pgAdmin, zana nyingine za kuingilia PostgreSQL, kwa kawaida hazifanyi hivyo, zinachukua ya seva. Nikauliza swali dogo tu, kuna mtu anatumia DBeaver? Kuna, fundi wa kampuni iliyojenga mfumo, na paswedi ya `app_saccos` anayo kwasababu iko kwenye faili la mipangilio ya mfumo, `.env`, ambalo mafundi wote wa pale wanalo.

Alipopigiwa hakuficha hata kidogo, alituma picha ya ujumbe wa WhatsApp kutoka ofisini: "Kaka habari za saa hizi, bodi imepitisha msamaha wa faini kwa wanachama wa orodha hiyo, naomba utufutie leo kabla hatujafunga." Na orodha kweli ilikuwepo. Yeye badala ya kuweka namba za mikopo moja moja akaandika sharti la `where tawi_id = 3 and tarehe_mwisho < ...` akiamini inatoa wale wale, ikatoa wale na wengine wengi juu yake. Ndo hivyo. Sio wizi, sio njama, ni `where` pana na paswedi ya kushirikiana.

Kurudisha data ilikuwa rahisi kiasi, kwasababu ile triga pamoja na yote ilihifadhi data ya zamani kwa jsonb, yaani mstari mzima pamoja na majina ya kolamu zake. Ila usirudishe kwa kubandika namba ya zamani juu ya mpya, wanachama wawili watatu walikuwa wamelipa baada ya pale na mmoja alishatozwa faini mpya, ukibandika unafuta na hayo. Tulirudisha tofauti, faini ya sasa jumlisha kile kilichoondolewa siku ile, kwa wale tu ambao hawapo kwenye orodha ya bodi, na kila mmoja mhasibu akaangalia na kitabu chake.

Basi sehemu ya upelelezi iliishia hapo, na kusema kweli ilikuwa bahati. Kama fundi angetumia psql badala ya DBeaver ule mruko wa saa tatu usingekuwepo, mistari ingesomeka 13:52 kama mingine yote, na kisingekuwepo cha kutuelekeza kwenye programu ya fundi. Kamati ikataka kitu kisichotegemea bahati, ikiuliza nani, ijibiwe nani. Hapo ndo kazi yenyewe.

Databesi haiwezi kumjua mtu aliyelogin kwenye mfumo isipoambiwa na mfumo. Kuna wanaosema basi mpe kila mfanyakazi akaunti yake ya databesi, `current_user` itatosha, na kwa ofisi ya watu watano wanaotumia programu ya kwenye desktop inawezekana, lakini kwa mfumo wa wavuti unapoteza puli ya koneksheni, yaani koneksheni chache zilizo wazi ambazo watumiaji wengi wanapokezana, na unajipa kazi ya kusimamia paswedi sehemu mbili, na wanachama wenyewe wakianza kutumia app ya simu unafanyaje, akaunti elfu ngapi? Njia inayofanya kazi ni mfumo kuacha kikaratasi ndani ya muamala, kabla haujagusa data, kinachosema huu muamala ni wa fulani, na triga inakisoma. PostgreSQL inakuruhusu kutunga vigezo vyako mwenyewe alimradi jina liwe na nukta katikati:

```
begin;
select set_config('app.mtumiaji', '217', true);
update mikopo set faini = 0 where id = 5530;
commit;
```

Hiyo `true` ya mwisho ndo roho ya jambo zima. Inasema thamani hii iishe muamala unapoisha. Ukiweka `false`, au ukiandika `SET` ya kawaida, inabaki kwenye koneksheni mpaka ifungwe, na kama mbele una PgBouncer, programu ya kusimamia puli, kwenye modi ya muamala, koneksheni hiyohiyo dakika inayofuata anapewa mtu mwingine. Karani wa tawi la pili anahifadhi malipo, kumbukumbu inaandika jina la meneja. Mi naona hii ni mbaya mara kumi kuliko kutokuwa na jina kabisa, maana `app_saccos` kila mtu anaona kwamba hakuna jibu, lakini jina la mtu halisi likikaa pale nani atabisha, na kamati ikishika karatasi yenye jina lako utajitetea vipi. Nimewahi kusikia watu wakisema puli yao inasafisha koneksheni, sawa, ila kwa PgBouncer ile `DISCARD ALL` ya kusafisha kwa kawaida inaendeshwa kwenye modi ya sesheni tu, kwenye modi ya muamala hairukwi bure, imeachwa makusudi. Tumia ya muamala basi, hutegemei usafi wa mtu.

Na kwanini `set_config` badala ya `SET LOCAL`? Zinafanya kazi moja, ila `SET LOCAL` haipokei vigezo vya kufunga, inabidi uunganishe maandishi mwenyewe, na hapo umefungua mlango wa sindano ya SQL, yaani mtu kupenyeza amri zake ndani ya kweri, kwenye jambo ambalo lilikuwa la usalama. `set_config` ni funksheni ya kawaida, unaipa `$1` kama kweri nyingine yoyote.

Triga mpya ikawa hivi:

```
create function ukaguzi.andika() returns trigger
language plpgsql security definer
set search_path = pg_catalog, ukaguzi
as $$
declare
  nani text := nullif(current_setting('app.mtumiaji', true), '');
begin
  if nani is null and session_user = 'app_saccos' then
    raise exception 'Badiliko halina mtu: weka app.mtumiaji';
  end if;
  insert into ukaguzi.kumbukumbu
    (jedwali, kitendo, zamani, mpya, mtumiaji,
     akaunti, programu, anwani, muamala, wakati)
  values
    (tg_table_name, tg_op,
     to_jsonb(old), to_jsonb(new), nani,
     session_user, current_setting('application_name'),
     inet_client_addr(), txid_current(), clock_timestamp());
  return null;
end $$;
```

Kuna vitu kadhaa hapo ambavyo kila kimoja kina sababu yake. `wakati` sasa ni `timestamptz`, aina inayojali saa za eneo, mambo ya kujumlisha tatu yaishe, na ni `clock_timestamp()` ambayo ni saa halisi ya mstari, wakati kuunganisha mistari ya muamala mmoja tumemwachia `txid_current()` badala ya kubahatisha kwa mikrosekunde. `old` na `new` zinaweza kuandikwa hivyo bila kuangalia kitendo kwasababu kuanzia PostgreSQL 11 isiyohusika inakuwa tupu tu, toleo la nyuma zaidi litakugomea kwenye insert. Hiyo `security definer` inafanya triga iandike kwa haki za mwenye funksheni, kwahiyo `app_saccos` yenyewe haina haki yoyote ya kugusa jedwali la kumbukumbu, wala kusoma. Na ndo maana imeandikwa `session_user` badala ya `current_user`, ndani ya `security definer` `current_user` inageuka kuwa mwenye funksheni, ungerudi kulekule kwenye jina moja juu mpaka chini, safari hii jina lingine.

Hiyo `nullif` ilizua mjadala, fundi akaona haina kazi. Ukisoma kigezo ambacho hakijawahi kuwekwa kwenye koneksheni, `current_setting` yenye `true` inakupa null. Lakini kigezo kikishawekwa mara moja kwa muamala, muamala ukaisha, koneksheni ileile ukiisoma tena haikupi null, inakupa maandishi matupu. Kwenye kompyuta ya majaribio koneksheni ni mpya kila saa kwahiyo hukuti hii kitu, kwenye puli unaikuta asubuhi ya kwanza, mistari ina mtumiaji ambaye ni nafasi tupu na ule ukaguzi wa `is null` umeipita kama haupo.

Halafu ile `raise exception`. Hapa ndo pakawa na ubishi wa kweli. Meneja hakutaka kusikia mfumo unakataa kuhifadhi malipo ya mwanachama eti kisa kumbukumbu haijui ni nani, mwanachama amesimama dirishani na pesa yake. Hoja yake ina uzito. Kwa upande mwingine ukiacha ipite kimya, baada ya miezi sita utakuta robo ya kumbukumbu haina jina na hiyo robo ndo itakuwa na kile unachotafuta. Tukakubaliana, kwanza iandike tu onyo kwenye logi ya seva bila kukataa, mafundi wafuatilie kila onyo limetoka wapi, zikikauka ndipo ianze kukataa. Na onyo zilitoka sehemu ambazo hakuna aliyezifikiria. Kuna kazi ya usiku inayokokotoa riba, hiyo haina mtu. Kuna malipo ya simu, kampuni ya simu inaita seva kusema mwanachama kalipa, hiyo nayo haina mtu aliyelogin. Na kuna skrini mbili za zamani zilizokuwa zinahifadhi bila kufungua muamala, kila kweri inajitegemea, kwahiyo kikaratasi kinawekwa na kinakufa hapohapo kabla update haijafika. Zile skrini zikafungiwa muamala. Zile kazi zisizo na mtu zikapewa majina yake, `kazi:riba_usiku`, `malipo:simu`, na kwa ya simu tukaongeza namba ya muamala ya kampuni ya simu kwenye kikaratasi cha pili, ili mhasibu akiuliza apelekwe moja kwa moja kwenye risiti.

Sasa mtu makini atauliza, fundi mwenye paswedi ya `app_saccos` akiandika `set_config('app.mtumiaji', '217', true)` si anaandika jina la mtu mwingine? Anaandika, tena bila shida. Kwahiyo kolamu ya `mtumiaji` ichukuliwe kama dai, ni mfumo unadai kwamba huyu ndo aliyefanya, na dai lina thamani kama unavyouamini mfumo. Ushahidi ni `akaunti` na `anwani`, hivyo mteja havibadilishi kwa kuandika. Ndo maana kazi kubwa haikuwa triga, ilikuwa paswedi. `app_saccos` ikabadilishwa paswedi na kwenye `pg_hba.conf`, faili linaloamua nani aingie kutoka wapi, ikaruhusiwa kutoka anwani ya seva ya mfumo peke yake. Kila fundi akapewa akaunti yake kwa jina lake, ya kusoma tu kwa kawaida, na akihitaji kubadilisha anaomba, anapewa haki kwa muda. Sasa akiingia na DBeaver kumbukumbu inaandika akaunti yake, programu yake na anwani yake, hata asipoweka kikaratasi. Ukikuta mstari wenye akaunti ya fundi na kolamu ya mtumiaji ina namba ya karani, hapo ndo pa kuuliza maswali. Ile `application_name` mtu anaweza kuibadili anavyotaka, kwahiyo ni ya kusaidia kusoma tu, usimfukuze mtu kazi kwayo.

Na mwenye majedwali asiwe `app_saccos`. Kwenye ule mfumo wa kwanza ndo alikuwa mwenyewe, na mwenye jedwali anaweza `alter table ... disable trigger` akafanya yake akawasha tena, hakuna alama kwenye kumbukumbu. Umiliki ukahamia kwenye akaunti isiyologin. Haki ya `truncate` ikaondolewa pia, maana triga ya mstari haiamki kwa truncate, unafuta jedwali zima na kumbukumbu iko kimya, ukiitaka inabidi uweke triga ya pili ya ngazi ya amri. Superuser, akaunti yenye haki zote za databesi, naye anaweza kuweka `session_replication_role` kuwa `replica` na triga za kawaida zikalala, labda uziwashe kwa `enable always`, na hata hapo superuser ni superuser, hakuna triga ya kumzuia mwenye nyumba. Kwa huyo dawa ni kutoa nakala nje ya mikono yake, kumbukumbu zinapelekwa kila usiku kwenye mashine ambayo fundi wa mfumo hana ufunguo, anao mwenyekiti wa kamati ya usimamizi.

Kitu kingine ambacho kamati ilidhani inakipata na haikipati: jaribio lililoshindwa. Triga inaandika ndani ya muamala uleule, muamala ukirudishwa nyuma mstari wa kumbukumbu unarudi nao, kama vile hakuna aliyejaribu. Na kusoma je? Triga haiamki kwa `select`, kwahiyo aliyefungua salio la jirani yake akaenda kulisimulia kijiweni hayupo popote hapa. Kwa hayo kuna logi za seva na kuna pgAudit, inayoandika amri zenyewe zikiwemo za kusoma, ila nayo haikupi thamani ya zamani na mpya ya kila mstari kwahiyo haichukui nafasi ya triga, unaweka zote mbili kama unazihitaji, na pgAudit nayo itaandika `app_saccos` tu.

Tuliacha baadhi ya kolamu nje pia. `to_jsonb(old)` inanakili mstari mzima, na jedwali la wanachama lina namba ya NIDA, simu, picha ya saini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jedwali la kumbukumbu lenye nakala ya kila taarifa binafsi iliyowahi kuwepo ni mzigo ambao hutaki kuubeba. Kwa jedwali la watumiaji tukaandika `to_jsonb(new) - 'paswedi_hash'`, kwa wanachama tukatoa saini, hayo mengine tukayabakiza kwasababu kubadilishwa namba ya simu ya mwanachama ni jambo ambalo ukaguzi unalitaka kweli, ndiko pesa inakotumwa.

Uzito haukuwa mkubwa isipokuwa ile kazi ya riba, inagusa kila mkopo ulio hai usiku mmoja, na kila mstari unazaa mstari. Kwa hiyo moja unaweza kutumia triga ya ngazi ya amri yenye majedwali ya mpito, ipo tangu PostgreSQL 10, inaandika zote kwa insert moja. Jedwali la kumbukumbu likagawanywa kwa miezi. Hapo sina mengi.

Kama wewe uko MySQL, na wengi hapa kwetu ndo mko huko, wazo ni lilelile ila mitego ni tofauti. Ndani ya triga ya MySQL `CURRENT_USER()` inakupa aliyeunda triga, aliyeingia unampata kwa `USER()`. Kikaratasi ni kigezo cha `@mtumiaji`, na hicho kinaishi na koneksheni, hakuna cha muamala, kwahiyo lazima mfumo ukiweke upya kila ombi linapoanza bila kukosa, hatari ile ya jina la mtu mwingine iko palepale. Na kubwa kuliko zote, ukifuta mwanachama na funguo za kigeni zikafuta mikopo yake kwa cascade, triga za jedwali la mikopo haziamki kabisa. Mikopo imepotea, kumbukumbu haina habari. Kwa PostgreSQL zinaamka. Wa SQL Server mna `sp_set_session_context` tangu toleo la 2016 na inakubali kuwekwa ya kusoma tu ili isibadilishwe tena kwenye koneksheni hiyo, wa Oracle mna `CLIENT_IDENTIFIER`.

Bodi ilipopitisha msamaha mwingine wa faini, fundi aliomba haki, akapewa kwa alasiri moja, akafuta kwa namba za mikopo safari hii. Mhasibu hakunipigia, alifungua ripoti mwenyewe akachuja kwa muamala, akahesabu mistari, ikalingana na orodha ya bodi, akachapa na kuambatanisha na muhtasari wa kikao. Kilichobaki bila kuamuliwa ni hizo kumbukumbu zikae muda gani, mwenyekiti wa kamati anataka zote milele, mwenye kulipia diski anataka miaka saba, na hilo liko kwenye ajenda ya kikao kijacho.